Tahadhari: Vidonda Vinavyofunguka Ng'ambo ya Maji

Nawaandikia wenye wake, mabinti na wakwe wanaokaribia kujifungua, huku kwetu Kamanga na vijiji vyote vya ukanda wa Sengerema mpaka mjini Mwanza. Nawaandikia pia wauguzi wenzangu walio kazini na wajumbe wa kamati za vituo vya afya. Jambo lenyewe halingoji kikao cha robo mwaka. Wanawake wanajifungua kwa upasuaji, siku ya pili au ya tatu wanaruhusiwa wakiwa wazima, wanarudi makwao, na siku ya saba au ya kumi kidonda kinafunguka. Kinafunguka mbali na kituo kilichowapasua. Kituo hakijui, rejista yake ni safi, na cheti chake cha ubora kinaendelea kuning'inia ukutani.

Mwezi uliopita nilipanda kivuko cha asubuhi kwenda mjini. Akaja kukaa karibu nami binti mmoja, khanga kaifunga juu sana chini ya matiti, mama mkwe wake kampakata mtoto mchanga. Akaniamkia, nikaitikia. Upepo ulipogeuka ilinijia harufu. Nimefanya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, mingi katika wodi ya wazazi, na harufu ile siwezi kuisahau hata nikipimwa usingizini. Nikamsogelea nikamuuliza polepole, umejifungua lini mwanangu? Akasema, leo siku ya kumi na moja, mama. Kwa upasuaji? Akaitikia kwa kichwa.

Mama mkwe akaeleza bila kuficha. Siku ya sita binti alianza kusikia baridi usiku. Siku ya nane khanga ikaanza kulowa. Jirani akawashauri wanunue vidonge vya rangi mbili dukani, wavifungue, unga wake waumwagie juu ya kidonda, na wamefanya hivyo siku tatu. Nikauliza, waliowapasua waliwaambia mrudi lini? Wiki ya sita, kliniki ya mtoto. Kuna yeyote aliyepiga simu kuulizia? Hakuna. Tulipofika gatini sikwenda nilikokuwa nikienda. Tulipanda bajaji pamoja hadi hospitali, na kwenye chumba cha kusafishia vidonda nilisimama upande wa kichwa chake nikimshika mkono. Unga wa vidonge ulikuwa umegandamana na usaha ukafanya gamba la rangi ya manjano, na lilipoondolewa, uwazi ulionekana kuingia ndani zaidi ya ulivyoonekana kwa juu. Yupo hai, ameshonwa upya, ananyonyesha. Lakini hospitali iliyompokea ilimwandika kama mgonjwa wake mpya, na kituo kilichompasua kimemwandika kama mama aliyeruhusiwa akiwa na hali nzuri. Rejista zote mbili zimesema kweli. Aliyeoza katikati yake hajaandikwa popote.

Sitakitaja kituo hicho. Ningekitaja, watu wangekikimbia wakaenda kingine chenye tatizo lilelile, na wengine wangekimbilia kuzalia nyumbani, ambako ndiko kwenye mauti ya haraka zaidi. Naomba hili lieleweke kabla sijaendelea: upasuaji wa kujifungua unaokoa. Zamani mama aliyekwama uchungu upande huu alingojea kivuko, na kivuko cha mwisho kikishaondoka alingojea asubuhi. Wapo waliofia palepale kwenye mchanga, taa za Mwanza zikionekana ng'ambo. Tangu 2017 Serikali ilipoanza kukarabati mamia ya vituo vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi, kisu kimesogea karibu na mwenye uchungu, na mimi ni mmoja wa walioshukuru. Ninachokipigia kelele ni kwamba kisu kimefika kabla ya ule uangalizi wa kila siku unaotakiwa kuandamana nacho.

Tena hapa Mwanza hatuwezi kusema hatukuambiwa. Madaktari na watafiti wa Hospitali ya Bugando walifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, wakachapisha matokeo mwaka 2011: asilimia 26 walipata maambukizi kwenye kidonda. Zaidi ya mmoja kati ya kila wanne. Baadaye wakawafuata akina mama waliojifungua kwa upasuaji hospitalini hapohapo, hadi siku 30 baada ya kisu, wakakuta karibu asilimia 11. Naiheshimu sana Bugando kwa kazi hizo mbili. Hospitali ya rufaa ya kanda ilijianika yenyewe, ikaandika namba zake mbele ya dunia nzima, na kwa kufanya hivyo ikajua pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Sasa kituo cha afya chenye chumba kimoja cha upasuaji, muuguzi mmoja wa zamu na maji ya kuchota, kinapoleta taarifa ya mwaka yenye sifuri kwenye safu ya maambukizi, mjumbe wa kamati asipige makofi. Sifuri hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Maana yake hakuna aliyekwenda kutazama.

Waliotangulia walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeufanya ubora kuwa jambo la kuficha uchi siku wakaguzi wanapokuja.

Mfumo wa nyota mnaukumbuka. Mwaka 2015/16, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, Wizara ya Afya ilituma watathmini kwenye vituo vya ngazi ya msingi nchi nzima, karibu 7,000, kila kimoja kipewe nyota kuanzia sifuri hadi tano. Zaidi ya kituo kimoja katika kila vitatu kilipata sifuri, na vilivyofikisha nyota tatu vilikuwa vichache mno. Ilikuwa aibu yenye faida. Duru ya pili, 2017/18, vilivyobaki na sifuri vilishuka hadi karibu asilimia 4, na vilivyofikisha nyota tatu na zaidi vikawa kama moja ya tano. Lengo lilikuwa asilimia 80, kwa hiyo hatukufika, lakini choo kilijengwa, mlango ukawekwa kitasa, dawa zikaandikiwa leja. Nilikuwa kazini wakati huo. Niliona vituo vikiamka.

Niliona na kitu kingine, na hapa inabidi niungame. Wiki moja kabla ya wageni kufika tulipaka chokaa, tukatandika mashuka mapya yaliyokuwa yamefungiwa stoo, na usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikaa watatu mezani tukijaza rejista za miezi iliyopita. Joto la friji ya chanjo, asubuhi na jioni. Idadi ya mizunguko ya kutakasa vifaa. Tulibadilishana kalamu ili wino usifanane. Mwenzetu mmoja alijaza Septemba mpaka tarehe 31. Hakuna aliyegundua. Karatasi ile ilihesabiwa, alama zikatolewa, na mimi nilisaini. Miaka imepita na bado najiuliza vifaa vya tarehe zile tulizozibuni vilitakaswa kweli au havikutakaswa, kwa sababu siwezi tena kujua. Nilichoifanyia rejista ni kuua ushahidi.

Watu wa ziwa tumeshalipia somo hili kwa roho za watu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikiwa na abiria wengi kuliko ilioruhusiwa kubeba, na makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Cheti cha chombo hueleza chombo kilivyokuwa siku kilipokaguliwa. Kinachokizamisha ni mzigo wa siku ile, na mzigo wa siku ile anauona yule tu aliyesimama gatini akihesabu vichwa.

Katika chumba cha upasuaji, anayehesabu vichwa ni yule anayetakasa vifaa. Mara nyingi ni mhudumu wa afya wa ngazi ya chini kabisa, analipwa kidogo kuliko wote, hakuna anayemtambulisha mgeni anapofika. Otokleva ya vituo vyetu vingi ni kama sufuria kubwa la kupikia kwa mvuke, linakaa juu ya jiko. Ili vijidudu vife, mvuke lazima ufike nyuzi joto 121 na ukae hapo dakika zisizopungua 15. Vifaa vikiwa vimefungwa kwenye vitambaa, nusu saa. Muda unaanza kuhesabiwa joto likishafika, siyo jiko linapowashwa. Gesi ikielekea kuisha, mpira wa mfuniko ukichakaa mvuke ukavuja pembeni, mshale wa kipimo haufiki panapotakiwa. Na nje mama mwingine anapiga kelele za uchungu, daktari anaita, seti zilizopo ni mbili. Hapo ndipo ubora wa hospitali unapoamuliwa, na hakuna mtathmini aliyewahi kuwepo saa ile, saa tisa usiku.

Kwenye kila furushi la vifaa hubandikwa kipande cha utepe wenye mistari hafifu. Ukipita kwenye mvuke mistari hugeuka myeusi. Wengi wetu tumeufanya utepe huo kuwa hirizi: mistari imekuwa myeusi, basi fungua, pasua. Lakini utepe wa nje unasema tu kwamba furushi limepita kwenye joto. Hausemi mvuke ulipenya hadi katikati ambako mkasi umelala. Kwa hilo kuna kiashirio cha kuweka ndani ya furushi, na vipo vipimo vya vijidudu hai vya kupitisha mara kwa mara kwenye otokleva yenyewe. Vinagharimu fedha, lakini si fedha ya kushindwa kituo kinachonunua keki ya kuwapokea wageni. Hesabu ya pili ni ya jiki: ile ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sita za maji ili ipatikane asilimia 0.5, na mchanganyiko ni wa siku hiyohiyo. Ndoo ya juzi ni maji yenye harufu ya jiki. Ya tatu ni ya dawa: kinga ya antibayotiki inatakiwa iingie mwilini kabla ya ngozi kukatwa, ndani ya saa moja. Tumezoea kuichelewesha hadi mama yuko wodini, kisha tunamrundikia vidonge vya siku saba tukidhani wingi utafidia saa iliyopita. Haufidii, na vijidudu vinajifunza.

Kwa nini naandika leo, nisingoje? Kwa sababu fedha zinakuja. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kadiri inavyotekelezwa, bima italipa kituo kilichosajiliwa na kutambuliwa. Hilo ni jema; nimeuona mwisho wa familia nyingi zilizouza ng'ombe na nyavu kulipia kitanda. Lakini karatasi inayofungua mlango wa fedha huwa na bei, na yenye bei hutafutiwa njia ya mkato. Tayari wapo wanaozunguka na mabegi wakiahidi kukiandalia kituo makabrasha yote ya ubora kwa wiki mbili. Niliyaona makabrasha ya namna hiyo. Sera ya kunawa mikono ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na kwenye ukurasa wa nne lilikuwa limebaki jina la kituo cha mkoa mwingine. Siku hiyo bomba la wodi lilikuwa halitoi maji.

Sipigani na ithibati. Iliyo ya kweli inauliza yaleyale ninayouliza mimi. Hospitali ya Aga Khan ya Dar es Salaam ilipopata ithibati ya kimataifa ya shirika la JCI mwaka 2016 haikuwa kwa rangi ya kuta. Viwango vya SafeCare, vilivyoanzishwa mwaka 2011 na PharmAccess ya Uholanzi pamoja na mashirika ya ithibati ya Marekani na Afrika Kusini, vilitungwa kwa ajili ya vituo vidogo kama vyetu, vikikipandisha kituo ngazi kwa ngazi badala ya kukihukumu kwa kufaulu au kufeli. Na somo la Kijapani la 5S la kupanga mahali pa kazi, lililoanzia nchini kwetu katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, lilitupa maneno ambayo kila muuguzi anayajua: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Manne ya kwanza yanafanyika kwa wiki moja ya kujituma. La tano linataka mtu arudi kesho, na kesho kutwa, hata pasipo na mgeni. Hapa Kanda ya Ziwa tuliliona hilo wazi mwaka 2018 na 2019: vituo kumi vilipewa mafunzo ya upasuaji salama na walezi waliorudi kuwaangalia, vingine kumi vikaendelea kama kawaida, na vilivyolelewa vikashika taratibu za usalama kuwashinda wenzao kwa mbali. Kilichowabadilisha ni macho yaliyorudi tena na tena.

Na wapo wanaodhani haya ni mambo ya akina mama tu. Machi 2023 homa ya Marburg ilizuka Bukoba Vijijini, watu tisa wakaugua na sita wakafa, akiwemo mhudumu wa afya. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa kuugua walikufa. Biharamulo si mbali, basi la asubuhi linafika Mwanza mchana. Tangu Daraja la J.P. Magufuli (JPM) lenye kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, hata foleni ya kivuko haipo tena ya kumchelewesha mgonjwa, na kivuko chetu cha Kamanga bado kinakwenda. Ndoo ileile ya jiki ya juzi, bomba lilelile lisilo na maji, glavu ileile iliyooshwa ikaanikwa dirishani: ndivyo Marburg itakavyovikuta siku ikipanda basi. Kituo kisichoweza kumlinda mama dhidi ya usaha hakitamlinda nesi wake dhidi ya damu.

Ewe mama uliyepasuliwa, au wewe mume na mkwe unayemhudumia, kidonda kitazamwe kila siku mpaka siku ya thelathini. Homa au baridi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi kuwa ya moto na kuvimba, majimaji au usaha, uchafu wenye harufu ukeni, nyuzi kuachia: lolote kati ya hayo, rudi siku hiyohiyo, ikiwezekana kwa waliokupasua. Usimwagie unga wa kidonge, wala majani, wala asali ya dukani. Kabla hujaruhusiwa, omba namba ya simu ya wodi na wewe uache yako, uhakikishe imeandikwa kwenye rejista mbele ya macho yako. Na ukitibiwa ng'ambo, waambie wanaokutibu ulipasuliwa wapi na lini, na uombe waandike. Maneno hayo mawili ndiyo yatakayovuka maji kurudi kule yanakotakiwa.

Wauguzi wenzangu, mwaka mzima wa kituo kidogo una akina mama wa kuhesabika. Simu moja siku ya saba, moja siku ya kumi na nne, moja siku ya thelathini. Salio la simu la mwezi halifiki bei ya boksi moja la glavu. Namba itakayotoka itatisha. Iandikeni hivyohivyo ilivyo, kwa wino wa siku hiyo. Waganga wafawidhi, naomba msimwadhibu atakayewaletea namba mbaya, maana mkimwadhibu mara moja tu, mtaletewa sifuri mpaka mnastaafu. Na wataalamu wa wilaya mnaokuja kutupima, njooni siku msiyotangaza, muingie kwanza chumba cha kutakasia vifaa kabla ya ofisi ya mfawidhi, mkakae na yule mhudumu muda wa mzunguko mmoja mzima wa otokleva.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo kimoja cha ukanda huu. Tunakutana Jumanne ijayo saa nne. Katika ajenda, namba mbili ni ununuzi wa fremu za vyeti. Nimeomba iondolewe, na mahali pake nimeandika majina ya akina mama kumi na wanne waliopasuliwa kwetu mwezi uliopita. Kila jina lina namba ya simu pembeni. Tisa nimeshawapata. Wawili walikuwa na vidonda vilivyofunguka, na mmoja alikuwa akimwagia rangi mbili. Watano waliobaki simu zao hazipatikani, na kesho nitapanda bodaboda kuwafuata vijijini kwao.